Mikono ya Baba Ilipoanza Kukua

Baba yangu alikuwa fundi wa kushona. Mashini yake ilikaa kwenye baraza la duka la Mgiriki mmoja, karibu na soko, katika mji ambao wakati ule Wabelgiji waliuita Élisabethville na sisi tuliuita Lubumbashi tu, kwa jina la mto. Wanawake walinunua kitambaa ndani, wakatoka nacho hadi kwa baba, naye aliwapima kwa macho kabla ya kushika mita. Mara nyingi macho yake na mita vilikubaliana.

Alikuwa mtu mwembamba, mwenye vidole virefu na uso mdogo, laini, kama wa kijana ambaye bado hajaanza kunyoa. Mama hakuficha kwamba uso ule ndio uliomfanya akubali kuolewa na mtu wa kutoka kaskazini, ng'ambo ya mto Lualaba, asiyekuwa na ng'ombe wala shamba. Wanawake wenzake walipomtania kwamba alifuata mashini, alijibu, "Miye sikukamata mashini. Nilikamata uso."

Tulikaa kwenye cité, mtaa wa watu weusi, vyumba viwili na ua wenye mpapai. Nilikuwa nimeanza kusoma kwa masista, na mdogo wangu alikuwa bado anabebwa mgongoni. Jumapili baba aliimba kwaya. Sauti yake ilikuwa ya juu, nyembamba, na ilipopanda peke yake mwanzoni mwa misa, mama aliinamisha kichwa ili watu wasione anavyotabasamu.

Kitu cha kwanza kilikuwa pete. Ilianza kumbana, akawa anaivua kwa sabuni kila Jumamosi, mpaka Jumamosi moja ikakataa kutoka. Kidole kikavimba, kikawa cheusi. Jirani aliyefanya kazi kwenye karakana ya reli akaikata kwa msumeno mdogo. Baba aliifunga pete ile iliyokatika katika kipande cha satini akamrudishia mama. Wote wawili walicheka. Baada ya pete vikafuata viatu, na baada ya viatu kofia. Majirani nao walicheka, wakamwambia mama, "Bwana yako ananenepa. Kazi iko muzuri, hein?" Mama akajibu kwamba ndiyo, kazi iko nzuri, na siku zile aliamini hivyo. Kwetu mtu anayeongezeka mwili ni mtu ambaye mambo yake yanakwenda.

Lakini baba hakunenepa. Tumbo lake lilibaki pale pale. Kilichokua kilikuwa mikono, miguu na uso.

Nilikuwa natoka shule nakwenda moja kwa moja dukani kumsaidia, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimeanza kushindwa na sindano. Vilikuwa vinene, na alisema vinamwasha ndani kama vimelaliwa. Ile kofia ndogo ya chuma ambayo mafundi huvaa kidoleni wasichomwe haikumwingia tena hata kwenye kidole cha mwisho. Mimi nilitunga uzi, nilishona vifungo, nilipinda mikono ya mashati. Yeye alikanyaga mashini na kukata. Kukata bado alikata vizuri kuliko mtu yeyote katika mtaa ule. Tatizo lilikuwa jasho. Alitoka jasho hata asubuhi za mwezi wa saba, wakati sisi wengine tumejifunika mablanketi, na jasho lilidondokea vitambaa vya watu. Mgiriki alimpa kopo la poda ajipake mikononi. Kwa muda baba alinukia kama mtoto mchanga.

Sisi wa nyumbani hatukuona vizuri kilichokuwa kinatokea usoni mwake. Kilikuja polepole mno. Ukimwona mtu kila asubuhi, asubuhi ya leo inafunika ile ya jana. Alipoanza kukoroma, tuliona ni uchovu. Meno ya mbele yalipoachana, mama alisema ni urembo, kwao kuna watu wenye mwanya. Sauti ilipozama, mwalimu wa kwaya alimhamishia kwa waimbaji wa sauti nzito, naye akakubali. Baadaye ulimi pia ukawa mzito, maneno ya Kilatini yakamshinda, akaanza kukaa na watu wa kawaida, kwenye mabenchi ya nyuma.

Aliyetuonyesha alikuwa mwanamke mmoja, mteja wa zamani, aliyekuwa amehamia Mokambo, mpakani, na mume wake miaka mingi. Alirudi siku moja na kitambaa cha bluu begani. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya meza ya kukatia, na vifungo mapajani. Alisimama mbele ya baba, akamtazama, akatazama mashini, akatazama tena mlango wa duka kama aliyepotea.

"Baba, samahani," alisema. "Yule fundi aliyekuwa anashonea hapa, iko wapi?"

Niliona miguu ya baba ikisimama juu ya kikanyagio.

"Alitoka kidogo," baba alisema. "Atarudia."

"Basi nitamungojea. Yeye tu ndiye anayua kipimo yangu."

"Usingojee, mama. Atakawia. Acha kitambaa, nitamupatia."

Mwanamke yule aliacha kitambaa shingo upande. Baba alishona gauni lile bila kumpima, kwa kumbukumbu tu, na alipokuja kulichukua lilimkaa sawasawa. Alisema, "Umushukuru kwa ajili yangu." Baba aliitika. Jioni ile, tulipofika nyumbani, aliomba kioo. Tulikuwa na kioo kimoja kidogo kilichotundikwa kwenye msumari. Alikitazama muda mrefu, akikisogeza huku na huku kwa sababu uso wote haukuingia. Kisha akakirudisha msumarini, akiwa amekigeuzia ukutani.

Miaka ile kulikuwa na habari ya batumbula. Kila mtu aliyekulia Lubumbashi aliisikia: watu wanaotembea giza likianza kuingia, wanakamata wenzao na kuwapeleka kufichwa mahali, wanyweshwe dawa mpaka wasahau kusema, kisha wazungu wawale. Mama zetu waliitumia kutuingiza ndani mapema. Sijui nani alikuwa wa kwanza kusema kwamba baba ni mutumbula. Lakini alikuwa na taya lile, na paji la uso lililotokeza juu ya macho, na mikono ambayo ingeweza kufunika kichwa cha mtoto. Tena alianza kupita watu bila kuwasalimu. Jirani anasimama pembeni, anamwambia "Jambo, baba", naye anapita tu. Hata mimi niliona aibu kwa ajili yake, mpaka nikagundua kwamba yeye hawaoni. Aliona kilicho mbele yake tu. Vya pembeni vilikuwa vimezimika. Nyumbani alijigonga bega kwenye mwimo wa mlango ule ule kila siku, na ukimwekea sahani ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, kando ya bukari, alikula ugali mkavu.

Watoto walianza kumkimbia. Mmoja alimrushia jiwe, likampata shingoni. Baba aligeuka kutafuta lilikotoka, na kwa kuwa ilibidi ageuze kichwa kizima, polepole, ndipo aone, walipiga kelele wakatawanyika. Mwanamke wa nyumba ya pili, aliyekuwa akituachia watoto wake akienda sokoni, aliacha kutuletea. Aliwapitisha tu upande mwingine wa barabara, amewashika mikono.

Mgiriki hakuwa mtu mbaya. Kwanza alimhamishia baba ndani, nyuma ya mabunda ya vitambaa. Halafu alimwita akamwambia, kwa Kiswahili chake cha dukani, kwamba wanawake wanaogopa kuingia, na yeye ana watoto wa kulisha. Baba alisema anaelewa. Mashini ilikuwa yake mwenyewe, tukaipakia kwenye kigari cha kukodi tukaisukuma hadi nyumbani, baba mbele akivuta, mimi na mama nyuma, na mdogo wangu amekaa juu ya mashini. Mama alifundishwa kushona katika wiki zilizofuata. Alikuwa na mkono mzito, alikasirika, alivunja sindano. Baba alikaa kwenye kigoda mbele yake, akamwelekeza kwa subira, na vitambaa vilipohitaji kukatwa alikata yeye, akiinamisha kichwa hadi karibu na mkasi.

Mama alikuwa na hakika kwamba baba amerogwa. Alimshuku fundi mwenziwe baba, wa duka la jirani. Alikwenda kwa mtu fulani upande wa Kinsevere akarudi na mizizi, baba akainywa ili asimhuzunishe. Maumivu ya kichwa yalipozidi, hadi akawa anafunga kichwa kwa kitambaa na kukikaza kwa kijiti, ndipo alipokubali kwenda lopitalo, hospitali ya watu weusi.

Nilikwenda naye kwa sababu hakuweza tena kuvuka barabara peke yake. Munganga wa pale, daktari, alikuwa Mbelgiji kijana. Alipoinua macho na kumwona baba mlangoni, alisimama, nami nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa mtu yeyote muda mrefu: alifurahi. Alimzunguka. Alimshika mikono akaigeuza, akamfungua kinywa, akampima kichwa, akasogeza kidole pembeni mwa macho yake akimuuliza anakiona au hapana. Kisha akaleta mashini ya picha. Alimpiga picha akiwa ametazama mbele, halafu upande, halafu mikono peke yake imewekwa mezani karibu na mkono wa enfirmié, muuguzi wake, ili tofauti ionekane. Baba alikaa kama alivyoambiwa. Alikuwa amevaa shati alilolishona mwenyewe zamani, lisilofungika tena shingoni.

Enfirmié ndiye aliyetutafsiria. Alikuwa mtu wa Kasai, mwenye miwani, anayesema Kiswahili taratibu kama anayevuka maji.

"Munganga anasema hivi, baba. Ndani ya kichwa, nyuma ya pua, chini ya bongo, muko kitu kadogo. Bazungu banaita glande. Bukubwa yake ni sawa mbegu ya mbaazi. Kila mutu iko nako."

"Miye pia?" niliuliza.

"Weye pia. Ndiko kanatuma mutoto akomale. Kanapeleka dawa yake mu damu, na mifupa inasikia. Mutu akisha kukomala, kananyamaza. Kwako, baba, kaliamuka tena. Kanatuma tu, kanatuma tu. Na kenyewe kanavimba, kanakandamiza mishipa ya macho."

Baba aligusa pua yake. Kisha akauliza, "Si bulozi?"

Enfirmié hakungoja kumtafsiria munganga. "Si bulozi, baba. Ni bugonjwa."

"Na haitoki kwa kitu nilifanya?"

"Hapana."

Baba alivuta pumzi ndefu. Niliona mabega yake yakishuka, nami nikadhani tumepona.

"Basi itaacha lini?"

Hapo enfirmié alimgeukia munganga, wakasemezana Kifaransa. Munganga hakuwa tena na ile furaha. Alikaa, akasugua macho, akasema kidogo kidogo. Ulaya, enfirmié alitafsiri, kuna mashini ya miale inayoweza kuichoma ile tezi. Wengine wanapasuliwa, na wengi wao hufa. Hapa hakuna. Ataandika kwa wakubwa wake, lakini hataki kutudanganya. Atatupa dawa ya kichwa.

Baba alimwambia enfirmié, "Umuambie aksanti." Alipokuwa tayari mlangoni aligeuka, kichwa kizima, polepole. "Nina neno moja tu. Kwetu banasema miye mutumbula. Unaweza kuja, ubaambie ile habari ya mbegu ya mbaazi?"

Alikuja. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, yule mtu wa Kasai alisimama katika ua wetu na suti yake, na mama akawaita majirani mmoja mmoja. Wengine walikuja kwa udadisi. Aliwaeleza kama alivyotueleza sisi. Alitoa mbaazi mfukoni, akaiweka kiganjani, ikapita mkono hadi mkono. Baba alikaa kwenye kigoda chake, akitazama mbele. Yule mwanamke wa nyumba ya pili aliishika mbaazi muda mrefu, halafu akaenda kupiga magoti mbele yake, mahali anapoweza kuonekana, akapiga makofi mawili ya heshima, akasema, "Baba, bonjour." Baba akajibu, "Bonjour, mama." Haikurudisha kila kitu. Wapo waliosema enfirmié amelipwa na batumbula wenziwe. Lakini mawe yalikoma.

Mimi nilikuja kulisikia jina la ugonjwa ule nikiwa mtu mzima, mama wa watoto: akromegali. Dokta aliyenitajia alinieleza pia kwa nini baba alikuwa na kiu wakati wote miaka ya mwisho, na kwa nini moyo wake ulichoka, kwamba moyo nao ni nyama, nao ulikuwa umekua. Siku zile sisi tuliona tu anakunywa ndoo nzima ya maji, na kwamba hawezi tena kulala chali.

Mama alikuwa na kishamba karibu na mto Naviundu, muhogo na maharagi. Baba alianza kushinda kule. Watu ni wachache, na ardhi, alisema, haishtuki. Mimi nilimwongoza asubuhi, na mdogo wangu alikuja nasi. Mdogo wangu alikuwa amekua bila kujua uso mwingine wa baba isipokuwa ule, na bado alimwogopa. Akiamshwa naye alilia mpaka mama aje. Sijui baba aligundua lini kwamba mtoto yule hakuogopa mgongo wake. Basi akawa anachuchumaa mbele yake, amemgeuzia mgongo, anangoja. Mtoto anapanda, analaza shavu, na wanakwenda hivyo mpaka Naviundu na kurudi, yeye anaimba huko juu, baba anahema chini yake. Mama alimwambia aache, moyo wake hauwezi. "Mama ya batoto," baba alijibu, "ni hapo tu ananipenda." Hakuacha mpaka miguu yake ilipovimba ikawa haiingii kwenye kiatu chochote, hata vile mama alivyomshonea kwa gunia.

Alikufa wakati wa baridi. Alikuwa amekaa ameegemea ukuta uani, upande wa jua, kwa sababu sasa hata yeye alisikia baridi. Mama alimpelekea uji, akamsemesha, akamsogelea mbele ya macho kama tulivyozoea kufanya. Halafu aliniita kwa sauti ya kawaida kabisa, akaniambia nimpeleke mdogo wangu kwa jirani.

Seremala alilazimika kutengeneza sanduku upya, la kwanza halikutosha mabegani.

Baba alikuwa na mdogo wake mmoja, huko kaskazini, ambaye hawakuonana tangu kabla sijazaliwa. Mama alikuwa amemtumia habari kwamba kaka yake amezidiwa na lopitalo imeshindwa, naye akapanda treni. Alifika asubuhi ya mazishi, na mzigo wa samaki wakavu begani, moja kwa moja kutoka stesheni, bila kujua. Aliwakuta wanawake wamekaa chini uani. Alipoelewa, alitua mzigo, akaingia chumbani, na sisi tukaingia nyuma yake.

Alimtazama maiti. Alitazama watu waliokuwa chumbani, kisha akamtazama tena.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni ndugu yako," mama alisema.

"Hapana, shemeji. Ndugu yangu namuyua." Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayewasaidia wenzake waliokosea. "Huyu si yeye. Kule lopitalo bamebadilisha. Muende muulize."

Mama alipiga magoti, akafunua shuka miguuni, akapandisha suruali hadi chini ya goti. Kwenye mfupa wa mguu kulikuwa na kovu la zamani, limepinda. Ngozi ilikuwa imenenepa kulizunguka lakini lilionekana.

Baba mdogo alichuchumaa. Aliweka kidole mwanzo wa kovu akakipitisha hadi mwisho.

"Ni miye nilimukata hapa," alisema. "Na jembe. Tulikuwa tunachimba panya."

Alikaa chini sakafuni. Alibaki ameushika mguu ule kwa mikono miwili, mikono myembamba, yenye vidole virefu. Mama alipoiona mikono hiyo alitoka nje, nikamsikia analia kwa mara ya kwanza tangu baba afe.

Seremala alikuja mlangoni na nyundo, akasema padri anangoja kanisani. Baba mdogo aliinuka, akaenda upande wa kichwa, akavuta kigoda.

"Musifunge kwanza," alisema. "Muniache nimuangalie. Hii sura siiyui bado."

Seremala aliweka nyundo chini. Tuliwaacha wawili, na huko uani, watu waliokuwa wameanza kusimama walikaa tena.